Ngazi Sitini na Moja za Nguba

Nilipokuwa na miaka kumi na tano, kulikuwa na mambo niliyoyafanya siku ya Jumanne tu. Jumanne nilivaa viatu vyangu mwenyewe. Jumanne nilifunga vifungo vya blauzi, nikamimina maji kutoka kwenye jagi hadi kwenye kikombe, nikapanda ngazi tano za mbao nikiwa nimeshika chuma kwa mkono mmoja, nikageuka, nikashuka. Ilikuwa siku yangu ya kwenda kituo cha mazoezi, na mwanamke aliyenifanyisha mazoezi hayo, kine, kama tunavyowaita kwetu wataalamu wa viungo, aliandika kila kitu kwenye faili langu. Jumatano asubuhi mama alinivalisha, akanifunga vifungo, akanishikia kikombe cha chai, na baba akapiga goti mbele ya kitanda ili nipande mgongoni mwake.

Sikuona ajabu yoyote. Niliamini kwamba kituo ni kituo na nyumbani ni nyumbani, kama vile shuleni tunasema Kifaransa na tukirudi tunakiacha mlangoni.

Nilizaliwa kwa shida. Uchungu wa mama ulichukua siku mbili, na nilipotoka sikulia. Kwenye faili waliandika herufi tatu za Kifaransa. Kwa Kiswahili wengine husema mtindio wa ubongo. Kwangu maana yake ni kwamba ubongo unatuma habari, na miguu inaipokea kwa kukaza. Mapaja yanavutana, magoti yanagongana, visigino havifiki chini. Mkono wa kushoto unafunguka polepole, na mtu akiniharakisha unajifunga kabisa. Si ugonjwa wa kuambukiza. Ni jambo lililotokea mara moja, siku ile, na alama yake ikabaki.

Nyumba yetu ilikuwa katika mtaa wa Nguba, chini ya barabara, kwenye mteremko unaoelekea ziwani. Kutoka mlangoni hadi barabarani kulikuwa na ngazi sitini na moja. Kila familia ilikuwa imetengeneza kipande chake kwa namna yake: hapa mawe, pale saruji, kwingine mifuko ya mchanga iliyopangwa na kukanyagwa mpaka ikawa migumu. Hakuna ngazi mbili zilizolingana kimo. Baba alinibeba hapo kila asubuhi tangu nilipoanza shule, na mchana alirudi kutoka kazini kwake kunishusha. Nilizijua zile ngazi kwa pumzi yake. Nilijua wapi anakata maneno, wapi anasimama kidogo akijifanya anatazama maji.

Jumanne moja, yule kine alimuuliza mama maswali ambayo hakuwahi kuuliza.

"Maman, nyumbani ni nani anamuvalisha?"

"Ni miye."

"Na kumuosha?"

"Ni miye."

"Na kupanda kule barabarani?"

"Papa yake anamubeba."

Kine akatazama faili, akanitazama mimi. "Lakini hapa anaweza."

Mama hakukasirika. Alimjibu taratibu, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Hapa muko na saa nzima ya kumungojea. Kwetu, masomo inaanza saa moja na nusu."

Yule kine akachukua karatasi, akapiga mstari katikati kutoka juu hadi chini. Upande wa kushoto aliandika ninayoweza kuyafanya, upande wa kulia ninayoyafanya kweli siku zote. Kushoto kulijaa hadi mwisho wa ukurasa. Kulia kulikuwa na mistari mitatu: kula kwa kijiko, kuandika, kuwasha simu. Hakutulaumu. Alinipa tu ile karatasi niende nayo, na mama akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake, mahali alipoweka vyeti vyetu vyote.

Huenda ingebaki humo kama baba asingepata kazi mpya. Alikuwa fundi umeme, na kazi ilikuwa Luhwindja, kwenye machimbo ya dhahabu, mbali kiasi kwamba angerudi mara moja kwa miezi miwili. Jioni aliyotupa habari hiyo alifurahi na kusikitika kwa pamoja. Alimwambia mama kuhusu nyumba tutakayojenga siku moja, kisha akaniangalia, akatazama zile ngazi.

Mama ni mfupi, na mimi nilikuwa nimeshamfikia kimo. Hangeweza kunibeba. Akamwendea mtu ambaye wote wa mteremko ule walimwita wakiwa na mifuko ya saruji, makabati au vitanda vya kushusha. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, mpole, na kila asubuhi alinisalimia kabla ya kuinama. Alinibeba vizuri. Mgongo wake ulikuwa mpana kuliko wa baba, na hakusimama njiani hata mara moja. Lakini baba nilikuwa nimemzoea tangu utoto. Huyu nilikuwa namgusa kwa mara ya kwanza nikiwa msichana mkubwa. Nilijaribu kuweka mkoba wa shule kati ya kifua changu na mgongo wake. Aliona, akasema tu kwamba hivyo nitaanguka.

Katika wiki ya nne, tulipofika juu, aliniweka kwenye kiti cha mama mmoja aliyeuza mikate kando ya barabara. Alipogeuka nikaona doa la damu kwenye shati lake, chini kidogo ya kiuno. Ilikuwa damu yangu ya mwezi. Ilikuja kabla ya siku zake. Yule mama wa mikate aliiona pia. Akamvuta kando, akamwambia jambo kwa sauti ndogo. Mwanamume yule akashika shati lake kwa nyuma, akatazama mkono wake, kisha akatazama upande mwingine ili asinitazame mimi.

"Haina shida, mutoto wangu," alisema, akaenda kujiosha kwenye bomba.

Mama wa mikate alinifunga kitenge chake kiunoni na kumpigia simu mama yangu. Sikwenda shule siku hiyo. Kesho yake yule mbebaji alifika kwa saa ileile akiwa na shati lingine, akanisalimia, akainama mbele yangu kama kawaida. Hakuwa amebadilika hata kidogo. Mimi ndiye niliyeshindwa.

"Aksanti, papa," nilimwambia. "Leo nitapanda miye mwenyewe."

Alimgeukia mama. Mama alidhani natania. Nilikuwa nimevaa suruali ya zamani ya baba, nimeikunja mara tatu chini, na sare yangu, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, niliitia kwenye mkoba. Nilijishusha kutoka kizingitini, nikaweka mikono kwenye ngazi ya kwanza, nikavuta goti la kulia, halafu la kushoto.

"Batu watasema nini?" mama aliniuliza. "Waseme nimekuchoka? Nimekubeba miaka kumi na tano, leo wakuone unatambaa kama mutoto muchanga?"

Nilivuta pumzi, nikashika ngazi ya pili. Akachukua mkoba wangu akanifuata. Kila tuliyekutana naye, mama alimwambia, kabla hata hajaulizwa, "Ni yeye mwenyewe anakataa." Wanawake waliopanda na vidumu vya maji walituzunguka. Mmoja aliniambia pole. Mwingine, bila kuuliza, alinishika kwapani akanipandisha ngazi nne kwa mkupuo. Nilimshukuru, kisha nikarudi chini zile nne na kuzianza upya.

Mama aliketi pale pale, akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Aliposhusha kitenge nikaona alikuwa anacheka, na machozi yalikuwepo pia.

Tulifika juu baada ya dakika hamsini. Mama wa mikate alinipa nafasi nyuma ya meza yake, mama akashika kitenge kama pazia, nikavaa sare. Vifungo nilifunga mwenyewe, vyote sita, huku dereva wa pikipiki aliyekuwa akinipeleka shule akipiga honi. Nilifika saa mbili na robo, mikono inawaka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumwambia mtu yeyote darasani, kwa kuwa wao walikuwa wamepanda ngazi zao asubuhi hiyo bila kujua wamezipanda.

Basi nikataka yote. Nilioga mwenyewe, nikavaa mwenyewe, nikajimiminia chai yangu na kumwaga nusu. Niliamka saa kumi na moja ili niwahi. Mama alisimama kando, mikono yake imekosa kazi, anasogeza kiti ambacho hakikuhitaji kusogezwa. Kuna asubuhi nilimfokea kwa sababu alinivuta kola iliyokuwa imekunjika. Alirudisha mkono wake haraka, kama mtu aliyegusa jiko. Nakumbuka mkono ule kuliko ninavyokumbuka ngazi.

Mvua zilipoanza, mifuko ya mchanga ikawa matope. Nilianguka kwenye ngazi ya thelathini na kitu, nikavunja jino la mbele. Mama aliniosha mdomo, na siku mbili zilizofuata alinisemesha kwa yale ya lazima tu: chakula kiko tayari, dawa yako iko pale. Siku ya tatu nilikuta kwenye mkoba glavu za wajenzi, zile zenye mpira kiganjani. Aliyeziweka ni yeye.

Shuleni nilianza kulala. Nilikaa dawati la mbele, na saa ya hesabu kichwa kilianguka juu ya daftari. Mkono wangu wa kulia, ule mzuri, ule wa kuandikia, ulikuwa unatetemeka mpaka saa nne. Mwandiko wangu, ambao walimu walikuwa wanausifu, ukawa hausomeki. Matokeo ya muhula yalipotoka, mwalimu mkuu alimwita mama na kumuuliza kama nyumbani kuna tatizo.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kituoni na ile karatasi, niliyokuwa nimeitoa ndani ya Biblia ya mama. Nilikuwa nimejaza ule upande wa kulia kwa mkono wangu mwenyewe, mstari baada ya mstari, mpaka karibu ulingane na wa kushoto. Nilimpa kine nikingoja asifu. Aliisoma yote. Halafu akauliza juu ya masomo, na mimi nikatazama sakafu, na mama akamweleza.

"Nani alikuambia ni lazima ufanye yote weye mwenyewe?" aliniuliza.

"Ni weye," nilisema.

Aliweka kalamu chini. Mtoto mmoja aliyekuwa kwenye mazoezi upande wa pili akaacha kulia ili atusikilize.

"Basi nilikosea," alisema. "Nilikuonyesha unaweza nini. Sikukuuliza unataka nini."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu wa kituo, aliyevaa koti jeupe, akisema amekosea. Akageuza ile karatasi upande usioandikwa na kuniambia nguvu za siku moja ni kama ndoo moja ya maji: nikiimwaga yote kabla ya saa mbili asubuhi, nitashinda na kiu. Nichague mwenyewe niitumie wapi. Mama alikuwa ameketi pembeni, na kwa mara ya kwanza naye hakunijibia.

Ilinichukua muda kuchagua. Nilisema kuoga, na mlango ukiwa umefungwa. Nilisema kujihudumia siku zangu za mwezi, mtu yeyote asinisaidie. Nilisema kushuka ngazi mchana, kwa kukaa na kujisogeza, kwa kuwa mchana hakuna kengele inayoningoja. Vifungo, nikiwa na muda. Kupanda asubuhi, hapana.

Kwa hiyo yule mbebaji akarudi, lakini safari hii nilikwenda kumwomba mimi mwenyewe, pale juu alipokuwa anangojea kazi. Nilimweleza nataka anishike wapi na wapi asinishike, na kwamba nitavaa suruali nzito, na kwamba tukifika ngazi ya arobaini apumzike hata kama hajachoka, kwa sababu mimi miguu inaniuma ikining'inia. Alisikiliza kama fundi anayepewa vipimo. Aliuliza kama mkoba anaweza kuubeba mbele, kifuani kwake. Nikasema ndiyo. Tulifanya hivyo miaka mitatu, na sikumbuki tena kuona aibu.

Baba aliporudi kutoka Luhwindja kwa mara ya kwanza, alifika mchana, nami nilikuwa naoga. Alibisha mlango akauliza kama anisaidie. Nikamwambia hapana, akae. Alibisha tena baada ya muda, akauliza kama maji ni ya moto. Nilipotoka, nimevaa, nywele zinachuruzika, nilimkuta ameketi kwenye kiti karibu sana na mlango, koti la safari bado liko mwilini. Mama alikuwa amemweleza kila kitu.

"Sasa miye nifanye nini?" aliuliza.

Hakuwa anataka kunifanya nijione mkosefu. Aliuliza kweli, kama mtu aliyerudi kazini akakuta meza yake imepewa mwingine. Miezi miwili, aliniambia baadaye, alikuwa anapita kwenye njia za milima kule akifikiria asubuhi atakaponibeba tena. Kesho yake, saa ya kutoka shule, alikuja kunichukua barabarani, na kwa mazoea akapiga goti. Nikamwambia akae kwenye ngazi ya kwanza, mimi nikakaa kando yake, na nikamwomba anisimulie jinsi Luhwindja palivyo. Nikijisogeza ngazi moja, naye alijisogeza moja, mtu mzima na suruali yake nzuri. Alisimulia juu ya ukungu wa asubuhi, juu ya waya zinazoungua kila mara, juu ya mpishi wao anayetia chumvi mara mbili. Watu walituruka wakipita. Tulitumia karibu saa nzima, na hakutazama ziwa hata mara moja.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo mambo yalipanda tu. Mwili wangu haukukubali. Nilirefuka, nikanenepa kidogo, na magoti yaliyokuwa yanakunjika yakaanza kukunjika zaidi. Nilipofika miaka kumi na tisa, ngazi tano za mbao za kituoni zilinishinda. Kine alinieleza kwamba huwatokea wengi wenye hali yangu wakikua: ubongo haujaharibika zaidi, ila mwili umekuwa mkubwa kwa misuli ileile. Akaleta kiti cha magurudumu. Nililia kwa siku kadhaa. Nilihisi kama mtu anayefutiwa ile karatasi, mstari kwa mstari. Mama hakulia. Alikitazama kile kiti, akazungusha gurudumu moja kwa mkono, akasema kwamba kwenye ngazi zetu kitatufaa kwa kuanikia nguo.

Maneno hayo ndiyo yaliyotuhamisha. Baba alikubali kuachana kwa muda na habari ya kujenga, na tukapanga nyumba ndogo kuliko ile ya mwanzo, isiyo na ziwa mbele yake, lakini mlango wake uko usawa wa barabara. Siku ya kwanza nilitoka kitandani hadi barabarani kwa dakika mbili. Nikasimamisha kiti pale nje, sijui niende wapi. Nilifikiria miaka yote ile tuliyokuwa tunatengeneza miguu yangu, na jinsi hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema kwamba nyumba pia inaweza kubadilishwa.

Leo nina zaidi ya miaka thelathini. Nafanya kazi kwenye kibanda cha kuchapa na kufotokopi karibu na chuo kikuu. Wanafunzi wananiletea kazi zao za mwisho wa masomo, nami nazipiga kwa vidole vitano vya kulia na kimoja cha kushoto. Ndani ya nyumba natembea kwa magongo, mjini natumia kiti. Matope yakizidi, naomba kubebwa, na namwambia anayenibeba namna ya kunishika. Bado naishi na mama. Asubuhi nikiwa na muda nafunga vifungo vyangu. Nikichelewa namwita, anakuja anavifunga upesi huku akilalamika kwamba blauzi za siku hizi zina vifungo vidogo mno, na tunazungumza mambo mengine.

Mara moja kwa mwezi naalikwa kituoni kuzungumza na akina mama wenye watoto wadogo. Swali lao ni lilelile, na mwezi uliopita aliuliza mama mmoja kutoka kisiwa cha Idjwi, aliyevuka ziwa na mwanawe wa miaka sita mgongoni. Mtoto alikuwa na miguu kama yangu. Aliniuliza kama atatembea.

Nilimwambia sijui. Niliona uso wake unajifunga. Nikamuuliza nyumbani mtoto anafanya nini yeye mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

"Hakuna," alisema. "Yote ni miye."

Nikamwambia afikirie kidogo, sina haraka. Alifikiria. Alimshusha mtoto, akamweka mapajani, akamtazama kana kwamba anamuuliza.

"Anazima redio," alisema. "Wakianza kutoa habari, anajivuta mpaka kwenye meza, anaizima. Tunamugombeza kila siku."

Nikachukua karatasi, nikapiga mstari katikati, na upande wa kulia nikaandika hilo.